Mtani wa Mama

Belo la mitumba likifunguliwa sokoni Masasi, wenzangu hukimbilia nguo. Mimi hutafuta pa kukaa. Harufu ile ya vumbi na dawa hunirudisha chumbani kwa Mama, miaka ile biashara ilipofanywa huria na Baba akaweka jembe chini, akapanda Newala kuwauzia masweta watu wa baridi. Yasiyouzika yalirudi nyumbani, nasi tukayakalia.

Mdogo wangu Dani alizaliwa na moyo mbovu. Alipokaribia umri wa shule, hospitali ilisema, "Mrudisheni nyumbani, mpeni anachopenda." Nilifurahi, nikidhani ni likizo. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu tumboni. Hata leo nikisindikizwa stendi nahisi nimefukuzwa.

Dani hakuweza kulala chali, pumzi ilimkatika. Basi Mama alikaa ameegemea ukuta, mtoto kifuani, kutwa kucha, hataki kumpa mtu. Alichoka mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai, nasi tunakunywa. Majirani walikuja na nyuso za matanga, wakanong'ona, wakaondoka.

Ndipo akaja Mama Zuhura, muuguzi mstaafu aliyeishi mtaa wa Mkomaindo. Yeye Myao, sisi Wamakua, kwa hiyo mtani wetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akivua kandambili, kisha akapaza sauti:

"Enyi wala panya! Mmemaliza panya wote, sasa mnamla mama wa watu?"

Mama aliwaka. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa, na kwa Mama, utani ule ulinuka msiba.

"Mama Zuhura, hapa hajafa mtu. Nenda. Msiba ukifika utaitwa."

"Utaniitaje, mtani, nawe unataka kutangulia? Hebu nipe huyo mtoto."

Akampakata kabla Mama hajakataa. Dani alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, Mama akanyoosha mikono kumchukua.

"Mwache acheke," alisema Mama Zuhura, taratibu sasa. "Hata asipocheka atakohoa."

Aliniagiza masweta. Tukayashindilia kwenye gunia la korosho, akaliegemeza ukutani, Dani akakaa akiliegemea kama jumbe. Akanionyesha namna ya kumlowesha midomo na kumgeuza bila kumkata pumzi. Mchana ule Mama alilala, akakoroma. Mtani akamwambia Dani kwamba Wamakua husaga mahindi hata usingizini.

Tangu hapo akawa haishi kuja. Akija yeye, Mama analala. Mimi niliamini Dani anapona, maana mtu anayecheka vile atakufaje? Kitu kimoja tu kilinitatiza: Mama Zuhura alitania kila kitu, lakini neno "atapona" sikulisikia kinywani mwake.

Dani alifariki asubuhi moja, mikorosho ikiwa kwenye maua, kifuani kwa Mama.

Miaka mingi sikuelewa muuguzi yule alikuja kufanya nini, ikiwa hakuja kuponya. Nilikwisha kuwa na watoto wangu siku nilipomuuliza Mama, tukimenya mihogo, "Hivi, yule mtani wako alitusaidia nini hasa?"

Akatia mhogo kwenye maji.

"Asubuhi ile ya mwisho Dani aliniita," alisema. "Nikamwitika. Bila mtani ningekuwa nimesinzia."