Saksafoni Kwenye Mkeka wa Tufo

Gesi ilipopatikana baharini, Palma, mji wetu wa kaskazini mwa Msumbiji, ilijaa wahandisi, na jioni wahandisi hutaka muziki. Ndivyo Joaquim, mzaliwa wa bara upande wa Mueda, alivyoshuka pwani na saksafoni aliyojifunza katika bendi ya misheni. Hoteli moja ilimwajiri kupiga jazi wakati wa chakula. Wageni walizungumza habari za visima vyao, na mara chache mmoja akainua kichwa.

Alipanga chumba uani kwetu. Pampu ya maji ikikwama, alikwenda kuisikiliza kabla ya kumwita fundi. Kwenye harusi alisimama nje ya ua kusikiliza tufo, ngoma ya wanawake wa pwani wanaopiga matari na kuimba wakiwa wameketi mkekani, mabega yakicheza. Aliniuliza mambo ambayo mimi, mzaliwa wa hapa, sikuwahi kujiuliza. Kwa nini kiitikio huanza kabla kiongozi hajamaliza? Nani huamua?

Maswali hayo yakazaa albamu: jazi, midundo ya kwao bara, na tufo. Ulibaki wimbo mmoja tu, ule wa tufo, na bila huo, alisema, ingekuwa albamu ya mtu aliyeishi pwani bila kubisha hodi. Jamaldine, fundi wa sauti, alikuja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, akiwa na mitambo ya kukodi. Gari la kumrudisha lingeondoka alasiri, na Joaquim hakuwa na uwezo wa kumleta tena.

Mama Wahida, kiongozi wa kikundi, alikubali kuimba. Wanawake walipouliza wavae kapulana ipi, kanga zetu za sare, Joaquim aliwajibu waje walivyo, kwani maikrofoni haina macho.

Wakaja kwenye darasa tupu la shule, huyu na nguo ya shamba, yule na ya jikoni. Matari yalikwenda vizuri, lakini sauti hazikushikana. Mmoja aliwahi, mwingine akachelewa, wa tatu akaangua kicheko. Wakarudia, wakarudia tena. Joaquim akahamisha maikrofoni. Jamaldine akatazama saa.

Mama Wahida akaweka tari chini.

"Mwanangu, hawa ni nani?"

"Kikundi chako, mama."

"Hawa ni watu waliokutana sokoni."

Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Alimweleza kwamba anayeimba tufo hageuzi shingo kumtazama jirani. Huona tu kwa pembe ya jicho kitambaa kilekile kikisogea kulia na kushoto, na mwili wake hufuata. Bila sare, kila mmoja alikuwa akiimba peke yake.

Wakaenda kubadili. Jamaldine akaanza kukunja nyaya, Joaquim akamsihi azikunjue. Dereva alikuwa amekwisha kuja waliporudi, wote katika kapulana ya njano yenye maua mekundu. Mama Wahida alimtupia Joaquim moja begani.

"Vaa. Kisha ukae."

Joaquim alieleza kwamba saksafoni hupigwa kwa kusimama.

"Kwani pumzi yako iko miguuni, baba?" akauliza Atija, mpiga tari.

Akaketi kando ya Atija, miguu ameikunja, chombo kimebanwa kati ya magoti. Pumzi haikutosha kwa zile sauti ndefu alizojiandalia. Ikabidi angoje kiitikio na kuingia pamoja nao, mara nyingine kwa sauti mbili tu. Safari hii hakuna aliyewahi wala kuchelewa. Jamaldine alirekodi mara moja tu, na mwishoni honi ya dereva ikaingia.

Imebaki humo hadi leo. Nimeusikiliza wimbo huo nikitafuta saksafoni inapoanzia, na kila mara nakuta imeshaanza. Nilimuuliza Joaquim kama sasa amejua nani huamua. Alifikiri, akasema bega la Atija lilisogea, naye akajikuta ameshapuliza.

Nikaenda kwa Atija. Yeye akasema alikuwa akiifuata saksafoni.