Ndoo ya Ukuta

Juzi nilimwona fundi akimwagilia ukuta mpya jirani na kwangu, na ile harufu ya saruji iliyolowa ikanirudisha utotoni, kijijini Ihumwa, mchana mmoja wa kiangazi.

Wananchi walikuwa wanajenga shule ya sekondari, na kila kaya ilipeleka ndoo ya maji. Mama alijitwisha yetu, nami nikamfuata huku upepo ukitujaza vumbi machoni. Nilikuwa na kiu. Nilidhani tukifika nitapewa mimi kwanza, lakini mama alichota kopo moja akalimwaga ukutani. Ukuta uliyafyonza yale maji kwa sauti ndogo, kama ndama anayenyonya.

"Mama, mbona unaumwagilia?"

"Ili uwe na nguvu, mwanangu."

Nyumbani tulimwagilia mchicha, kwa hiyo nilielewa mara moja kwamba ukuta nao unaota. Aliponipa kopo, nilikunywa nusu, nusu nikaumwagia chini kabisa, nikisema nainywesha mizizi. Mafundi walicheka. Mama hakucheka. Juma lililofuata ukuta ulikuwa umenipita kimo, wala sikushangaa.

Sasa najua kwamba saruji ikikaushwa upesi na jua hupasuka. Lakini siku niliyoanza kidato cha kwanza katika shule ile, mama, ambaye hakuwahi kukalia dawati, alinisindikiza hadi mlango wa darasa. Aliinama, akaugusa ukuta chini kabisa.

"Ile mizizi yako imeshika," akasema, kisha akanisukuma taratibu niingie.