Gari Nililolijaribu Tambarare

Nakumbuka asubuhi ile hapa Voi, mdogo wangu Mwadime aliponitaka nimwachie gari lake kabla sijamaliza kulikagua, nami nikamwambia, "Haya, nenda." Mwanangu, laiti ningekataa.

Nilikuwa bado kijana, nina gereji ya mabati kando ya barabara ya Taveta. Mwadime alikuwa na gari la four-wheel la kubebea mizigo. Lilikuwa limetoka kushinda Kishushe, likivuka matope na vumbi, na sasa lilikuwa limepakiwa hema na sufuria za harusi ya binamu yetu kule mlimani Mghange. Niliinama, nikaona unyevu upande wa ndani wa gurudumu la nyuma. Nikagusa, nikanusa. Oili ya gia ina harufu nzito, kama kiberiti kilichozimwa. Ukiizoea huwezi kuichanganya na ya injini.

"Sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili, inavuja," nikamwambia. "Niachie gari mpaka kesho."

"Kesho ni harusi, kaka! Hilo ni jasho tu. Hata wewe ukipanda Mghange utaloa mgongo."

"Oili ikiingia kwenye breki, je?"

"Tone moja tu umeogopa? Basi fungua gereji ya baiskeli!"

Mafundi wenzangu walicheka, nami nikaona aibu. Nikapangusa ule unyevu, nikaongeza oili kwenye difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma, nikaliendesha gari kidogo kwenye lami. Niliporudi nikachungulia: pakavu. Hapo ndipo nilipojidanganya. Lami ya Voi ni tambarare. Difu haikupata moto, wala breki sikuikanyaga kwa nguvu. Juu ya difu kuna tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na matope, joto likipanda hewa hukosa pa kutokea, nayo huisukuma oili ipite kwenye sili. Nilijua hayo yote. Sikulifungua kwa sababu nilitaka wenzangu waache kucheka.

Kupanda walipanda vizuri, na harusi ikafana. Wakati wa kuteremka ndipo mambo yalipoharibika. Breki ya gurudumu lile ilikuwa imelowa oili. Mwadime alipoikanyaga kwenye kona, gari likavutwa upande mmoja, likapinduka. Nilipofika, gari lilikuwa limeshainuliwa; nikalala chini yake, nikalichokoa lile tundu kwa msumari. Likatoka tope gumu, jekundu, la Kishushe.

Siku hizi ninyi mafundi vijana mnanitumia picha kwa WhatsApp: "Mzee, hii inavuja wapi?" Mwanangu, picha haina harufu. Osha chini ya gari kwanza, ulikaushe. Lipeleke mlimani mpaka lipate moto, kisha ulale chini utafute unyevu ulio juu kuliko mwingine wote, maana oili hutiririka na upepo huipeleka nyuma. Inapodondokea sipo inapotokea. Zibua tundu la kupumulia kabla ya kununua sili mpya, la sivyo sili hiyo nayo itavuja. Fungua gurudumu uone breki kwa macho yako. Na mwenye gari akikuharakisha, awe mkubwa, awe rafiki, awe wa nyumba yenu, usimpe ufunguo. Atakasirika. Mwache akasirike.

Mungu aibariki mikono yako, akupe moyo wa kustahimili kuchekwa, na kila atokaye gerejini kwako afike kwao salama. Mimi nimechoka, hata kuinama siwezi tena.

Mguu wa Mwadime ulikatwa. Yuko hai, anaishi Mghange, lakini tangu atoke hospitalini hajataka kuniona. Tulipomzika mama yetu alisimama upande wa pili wa kaburi, akaondoka bila kunisalimu. Uamuzi ule ulinigharimu ndugu yangu wa tumbo moja.