Chifu Aliyebaki Lanham

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anagombea kiti, na kwa kuwa umeniambia unautaka udiwani katika kaunti yetu huku Marekani, mwanangu, keti nikusimulie.

Nilikuwa msichana niliyetoka Kisii karibuni tu, nikitunza wazee majumbani huko Lanham, kitongoji cha jiji la Washington. Mmoja wao alikuwa Mzee Tavita, Msamoa wa visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani, mkubwa wa mwili na mpole wa sauti. Mkewe alishafariki, akawa anaishi peke yake. Majirani walimjua kama yule mzee wa nyumba ya kona. Hawakujua kwamba kwao ni chifu.

Si chifu wa serikali kama wa kwetu. Ukoo wao huketi pamoja, wakasema mpaka wakubaliane, ndipo wanampa mmoja jina la ukoo alibebe kwa niaba yao. Tavita alipewa baada ya kuwahudumia wazee miaka mingi, akiwapikia na kuwapakulia. Baadaye akagombea ubunge wa visiwa vyao, na mpinzani wake alikuwa Sione, mdogo wake wa tumbo moja. Tavita akashinda. Hakwenda kumwona ndugu yake.

Alirudi bungeni tena na tena. Wakawa wanamtuma huku Washington kutetea mambo ya kwao, na kila safari akikaa zaidi, mpaka watu wakasema mbunge wetu amekuwa mgeni. Wakamwangusha. Akaona haya kurudi bila kiti. Alibaki Lanham, kwanza miezi, kisha miaka.

"Nilidhani kura ni mapenzi," aliniambia nikimvisha soksi. "Waliponinyima, nikajua hawanitaki."

Basi Jumapili moja jioni, kwao ikiwa mchana, ukoo ulikutana kuzungumzia lile jina, maana mwenye nalo hayupo. Mzee aliniomba nimfunge shuka yake ya heshima kiunoni, nimsaidie kuketi sakafuni mbele ya simu. Nikamwambia magoti yatamuuma.

"Chifu haongei na watu wake akiwa juu ya kiti, binti," akasema.

Alizungumza polepole kwa lugha yao. Sikuelewa neno ila jina la Sione. Alipomaliza, sauti ya mwanamume upande wa pili ikasema maneno machache, na Mzee akafunika uso kwa viganja.

"Nimesema jina apewe Sione," alinieleza nikimwinua. "Amekubali kulibeba. Halafu akaniuliza nimekula nini leo. Ukiacha wewe, ambaye ni kazi yako, hakuna aliyeniuliza hivyo tangu mke wangu afe."

Daktari hakumruhusu kupanda ndege, kwa hiyo Sione akaja mwenyewe. Alimpikia kakake samaki kwa tui la nazi. Hawakuongea sana, miaka ilikuwa imepita mingi. Asubuhi nikiingia namkuta Sione amelala sakafuni, kando ya kitanda cha nduguye.

Mzee alikufa kabla baridi haijaisha. Sione akampeleka kisiwani, nami nikaachwa katika nyumba ile tupu, nikikunja mashuka ambayo hakuna aliyeyahitaji tena. Sijawahi kusikia nyumba imenyamaza namna ile.

Kwa hiyo gombea, mwanangu. Sikukatazi. Lakini ukishinda, nenda kwa uliyemshinda siku hiyo hiyo, wala usingoje akutafute. Na ukishindwa, usijifiche kwenye vitongoji vingine, Langley Park wala Woodbridge, ukidhani umekataliwa. Rudi kwenu mikono mitupu hivyo hivyo. Watu wanaweza kukunyima kura na bado wakakuwekea chakula. Mzee Tavita alilijua hilo akiwa amebakiwa na siku chache. Wewe lijue ungali na nguvu za kutembea.

Mungu akutangulie katika hili unalolitaka. Na popote litakapoishia, asikukoseshe mlango wa kugonga, wala mtu wa kukuita kwa jina lako la nyumbani.