Dereva Aliyekataa Kompyuta ya Dukani

Pshiii.

Hiyo ndiyo sauti ya utotoni mwa binti yule: pumzi ndefu ya breki za upepo, lori linapotua mwisho wa mtaa. Akiisikia, hata kama amelala, alijua baba amerudi. Hufuata mlango wa lori kugongwa, hufuata kicheko, hufuata kiganja chenye harufu ya dizeli juu ya utosi wake.

Sasa lori lilikuwa na dereva mwingine, na mwenye kicheko kile alikuwa amekaa kwenye kochi. Kiharusi kilimkuta asubuhi akifunga kamba za viatu. Kilimwachia maneno yake yote, kikamwachia mguu unaoburuza kidogo, na mkono wa kulia uliolala mapajani kama mgeni aliyechoka na safari. Mtaani walikuwa wakimwita Mzee Breki. Siku hizi walipita mlangoni wakanong'ona, "Mzee anaendeleaje?" kana kwamba jina lile lingemuumiza.

Jambo moja lilimsumbua binti kuliko mkono. Baba hakuomba kitu tena. Hata maji ya kunywa aliyafuata mwenyewe akijishikiza ukutani. Shati alilifunga kwa mkono mmoja, kifungo kwa kifungo, na ole wake atakayesogea kumsaidia. Alikuwa ameamua kwamba mtu asiyeomba hana deni la huruma kwa mtu. Hivyo akaketi, akanyamaza, na kila wiki akapungua kidogo.

Binti alikuwa mpiga eksirei hospitalini. Mwenzake wa chumba cha mazoezi ya viungo ndiye aliyempa wazo: "Mpe usukani. Siku hizi kuna gemu za malori, usukani na pedali kama kweli. Mkono usiotaka mazoezi hautakataa kazi yake."

Jumamosi akampeleka baba yake duka kubwa la kompyuta. Kule vioo vilimetameta. Makasha ya kompyuta yalisimama kwenye rafu, ubavu wa kioo, ndani taa za rangi zinapepesa, kama maharusi wasiojua wamngojee nani. Muuzaji aliligusa moja kwa ncha za vidole.

"Hili ndilo baba lao. Unachomeka tu, mzee, unacheza."

"Ndani mna nini?"

"Kila kitu."

"Nifungulie nione."

Muuzaji akacheka kwa adabu, akaonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya skrubu. "Hii ikichanika, dhamana imekufa."

Mzee akalitazama lile kasha kwa muda. "Gari usiloruhusiwa kufungua boneti," alisema, "ni la mtu mwingine. Wewe umepewa lifti tu." Akageuka, mguu ukiburuza, akatoka nje.

Walibishana njia nzima. Binti alisema kitu cha dukani kimepimwa na kimehakikishwa, kikiharibika kina mwenyewe. Baba alisema kitu ulichokiunga mwenyewe kikikohoa unajua kifua gani kinauma.

"Baba, mashine ya eksirei hatuiungi nyumbani!"

"Ndiyo maana ikizima mnakaa nje kwenye benchi mkingoja fundi. Si ulinisimulia mwenyewe?"

Binti alitaka kumpa baba yake kitu bora, kilichokamilika, chenye kung'aa. Alikuwa amejinyima kwa ajili yake. Kumnunulia vipande vipande ndani ya maboksi aliona ni kama kumpa mtu unga siku ya karamu. Lakini baba alikuwa amebisha njia nzima, na mtu anayebisha ni mtu aliye hai. Wiki iliyofuata, vipande vikaja.

Wakavipanga kwenye meza ya mama, ile anayokatia vitambaa. Mama, fundi cherehani asiyepungukiwa na neno, alisogeza mkasi wake akaguna. "Mwenzenu nilidhani nimezeeka na dereva. Kumbe nimezeeka na mtoto wa chekechea."

"Mke wangu, tuachie gereji yetu."

"Gereji yenu mkiimaliza niachieni meza yangu."

Mzee akaketi, akatazama ule ubao mpana ambao vyote hukaa juu yake, akatazama mkono wake wa kulia. Kisha akatazama mbele, kama mtu aliye nyuma ya usukani.

"Utingo."

Binti akageuka kuangalia nani kaingia. Hakuwepo mtu. Maisha yake yote baba alisafiri na utingo pembeni, msaidizi wa kuweka kabari chini ya gurudumu, kukaza turubai, kushuka na kuongoza lori linaporudi kinyumenyume. "Dereva asiyeangaliwa nyuma," alikuwa akisema, "hurudi nyumbani kwa miguu." Na sheria ya utingo ni moja: dereva akisema, utingo hafundishi, anafanya.

"Naam, dereva," binti akaitika.

Wakaanza. Yeye akashika, baba akaamuru. Skrubu zikakazwa kwa mshazari, moja huku na ya pili upande wa pili, kama nati za gurudumu. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikakaa mahali pake, ndogo kama biskuti. Mkono wa kulia wa mzee ukainuka wenyewe kushikilia waya, ukatetemeka, ukashikilia. Hakuna aliyeutaja.

Ikafika zamu ya kipoza joto, chuma chenye mapezi na feni, kinachokaa juu ya prosesa kuinyonya moto. Chini yake paling'aa kwa nailoni nyembamba.

"Baba, hii nailoni—"

"Acha. Kipya kikae kipya."

Hapo ndipo penye mkasa, na aliyeijua nyumba ile asingeshangaa. Kochi lilikuwa na nailoni yake ya dukani. Rimoti ilikuwa na nailoni. Viti vya kila lori aliloliendesha vilivaa nailoni mpaka ikachanika yenyewe kwa uzee. Mama alikuwa na msemo wake: siku za joto ukiinuka kwenye kochi hilo, nusu ya ngozi inabaki kukuwekea nafasi. Binti alikuwa amesoma karatasi ya maelekezo. Alijua. Lakini sauti ile ya kuamuru hakuwa ameisikia tangu kiharusi, na hakuwa na moyo wa kuikata. Akakikaza kipoza joto na nailoni yake palepale.

Kompyuta ikawaka. Mzee akapiga meza kwa furaha. "Iache kwanza. Injini ipate moto."

Ikapata moto kweli. Kabla usukani haujaunganishwa, skrini ikawa nyeusi. Wakawasha, ikazima. Wakawasha tena, ikazima upesi zaidi.

Mzee akaukusanya mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka mapajani.

"Kanunue lile la dukani," alisema, na akaenda kulala mchana kweupe.

Binti alikuwa ameshinda ubishi. Akachukua mkoba. Mama hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Nenda kanunue. Tukishamnunulia kila kitu, yeye tutamweka wapi?"

Binti akaurudisha mkoba. Angeweza kuing'oa nailoni mwenyewe na kumwita baba kazi ikiwa imekwisha. Badala yake akawasha kompyuta, akagusa kipoza joto kwa kidole, akangoja mpaka ilipozima. Halafu akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha kulala.

"Dereva, injini imechemka, lakini rejeta ni baridi."

Kitanda kikalia.

"Baridi kiasi gani?"

"Kama maji ya mtungini."

Mzee akageuka. "Injini ichemke, rejeta iwe baridi? Basi joto halifiki. Kuna kitu kimeziba katika..." Akaishia hapo. Akamtazama binti yake. "Nailoni."

"Nailoni, dereva."

"Na wewe ulijua!"

"Utingo hafundishi."

Akacheka. Upande mmoja wa uso ulitangulia, wa pili ukafuata polepole, lakini kilikuwa kicheko kilekile cha mwisho wa mtaa. Alikuja mwenyewe mpaka mezani, binti akakifungua kipoza joto, naye akaibandua nailoni kwa kucha za mkono wa kulia. Ilichukua muda, na walingoja. Alipomaliza akaenda moja kwa moja kwenye rimoti akaivua. Mama akasimamisha cherehani. "Na kochi?"

"Usiwe na pupa, mama watoto."

Jioni kompyuta ilinguruma bila kuzima. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, ule wa kulia ukiteleza na kurudi, ukiteleza na kurudi. Alivuka daraja, akapanda mlima kwa gia ndogo, akafika ghalani. Ilibaki kurudi nyuma mpaka mlangoni, tela refu, uchochoro mwembamba. Akakanyaga breki. Spika zikatoa pumzi, pshiii, na binti aliyesimama nyuma ya kiti akafumba macho.

Baba hakugeuka. Alitazama vioo viwili vidogo vya pembeni kwenye skrini, akasema kwa sauti iliyokaribia kuwa pumzi tu:

"Shuka, mwanangu. Niangalie nyuma."