Jiwe la Kupimia Nchi

Juzi niliwaona vijana wakipigana picha kileleni mwa kilima, kando ya nguzo ya wapima ardhi. Kuzitembelea nguzo hizo ndiyo burudani yao. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni niliyopanda kilima cha juu ya Ggaba, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na shangazi Zaituni, kukata majani ya mbuzi. Palinukia majani mabichi, na saruji ya nguzo ilikuwa ya moto.

"Hapa wazungu walipimia nchi," alisema shangazi.

Leo najua walipima umbali. Wakati ule nilijua mizani ya samaki tu, nikaizunguka nguzo nikitafuta ndoano ya kutundikia nchi.

"Shangazi, walipoipima, na sisi tulikuwemo?"

Mundu wake ukatulia. "Babu yako alikuwemo. Ndiye aliyewabebea vyombo vya kupimia mpaka huku juu."

Kisha akaifuta nguzo vumbi kwa kanga yake, taratibu.