Jicho la Kushoto la Bi Mize

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, nimevaa viatu vipya vinavyonibana, nikamkuta Msimamizi wa Kitengo cha Picha keshafika zamani. Hakuniuliza jina. Aliniingiza chumba cha giza, chumba kisichopenywa na mwanga ambamo filamu za eksirei zilisafishwa kwa dawa, akafunga mlango, akasema, "Nitafutie karai la maji." Nikapapasa, nikaligonga, maji yakanirukia hadi kifuani.

"Sasa umejua lilipo," akasema gizani. "Bado vitu kumi na moja."

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ipo hapa hapa Pemba, na waliofanya kazi pale wataijua. Katika chumba kile nilikaa miaka mingi, hata filamu zilipoondolewa na kompyuta kuletwa, nikahamishiwa kliniki ya macho. Huko nilikabidhiwa kamera ya retina. Retina ni utando ulio nyuma kabisa ya jicho, ndio unaopokea mwanga. Mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, huegemeza kidevu kwenye kijukwaa, nami hutazama skrini mpaka mishipa midogo ya damu ionekane safi, kisha hubofya kitufe cha kunasa picha. Kulia kwanza, kushoto baadaye. Picha hutumwa kwa Daktari wa Macho, ambaye alikuwa hospitali nyingine. Yeye alisoma picha na kurudisha majibu. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumwona. Kwa hiyo picha ikikosea, hapakuwa na mtu wa pili wa kuligundua kosa.

Programu ya kunasa picha ilikuwa na vituko vyake, nami nilivizoea. Skrini ikiwa nyeusi, nilianza na kebo, kwa sababu mara nyingi tatizo lilikuwa hapo: imelegea, au panya kaitafuna. Kebo ikiwa nzima, nilitazama kama programu imechagua kamera ninayoitumia au ile ndogo iliyo juu ya kompyuta. Siku moja ilinitolea uso wangu mwenyewe. Baada ya hapo niliangalia kama programu nyingine imeishika kamera, maana kamera haitumikii mabwana wawili. Mwisho kabisa niligusa draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta iielewe kamera. Sikuruka hatua.

Ikawa mwaka mmoja kompyuta ilipelekwa kwa fundi, ikarudi na draiva mpya. Asubuhi ya kwanza picha ya kwanza ilitoka nyeusi. Nikabofya tena, ikatoka nzuri. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na foleni.

Mgonjwa wa kwanza nilimrudia mara mbili tatu mpaka picha zake zikakaa sawa. Kwa waliofuata nikaona jambo jingine. Kila jicho lina doa jeupe, pale mshipa wa kuonea unapoingia; kwenye picha ya jicho la kulia doa hukaa upande wa kulia, na ya kushoto, kushoto. Faili nililoliandika "kulia" lilikuwa na doa kushoto, na la "kushoto" lilikuwa na doa kulia. Nikamwambia Mganga Mkuu, aliyekuwa akipita mlangoni.

"Umechanganya majina tu, Bi Salama," akasema. "Yabadilishe. Watu wanangoja."

Nikayabadilisha. Kwa siku mbili nzima, siku zote za kliniki za wiki ile, nilibadilisha majina ya mafaili, mgonjwa baada ya mgonjwa, bila kujiuliza vipi mtu asiyechanganya kulia na kushoto miaka yote ile aanze leo, tena kwa kila mtu. Kosa hilo ni langu. Draiva haikunilazimisha.

Wiki iliyofuata, kabla ya siku ya kliniki, alikuja Mzee Faki, fundi cherehani wa Makangale, barua ya majibu mkononi. Barua ilisema jicho lake la kulia lina kovu la zamani, na la kushoto linavuja damu kwa sababu ya kisukari, aende Unguja haraka akapigwe miale ya leza.

"Mwanangu," akasema, "mie sikukataa kwenda. Lakini jicho bovu langu ni la kulia. Hili la kushoto ndilo ninalotungia uzi."

Akatoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akatunga uzi kwa mara moja. Kisha akanitazama, akasubiri.

Nilimwomba akae. Nikachukua karatasi tatu, nikaandika moja, mbili, tatu, kwa tarakimu kubwa, nikaiwasha programu upya, nikazishika mbele ya kamera moja moja. Ile haikuwa kamera ya kusomea karatasi, lakini kwa ukungu tarakimu zilionekana. Nikanasa moja: nyeusi. Nikanasa mbili: faili likatoka moja. Nikanasa tatu: likatoka mbili.

Hapo nikaelewa. Draiva ile ilikuwa nzito. Nilipobofya, programu haikungoja picha mpya ifike. Ilihifadhi ile iliyobaki ndani tangu mbofyo uliopita. Jicho la kulia la kila mtu lilikuwa limeingia kwenye faili lake la kushoto, na faili lake la kulia lilikuwa na jicho la kushoto la mtu aliyemtangulia. Nami kwa kubadilisha majina nililipamba kosa likafanana na ukweli: kulia ni lako, kushoto ni la mwenzio.

Nikafungua daftari la foleni. Aliyemtangulia Mzee Faki alikuwa Bi Mize wa Kojani. Jicho linalovuja damu lilikuwa lake. Na yeye alikuwa amejibiwa kwamba hana tatizo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu na karatasi zangu tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ukiwaita watu wote hawa utawaambia nini? Kwamba hospitali imewapa macho ya wenzao?"

"Ndivyo ilivyo, Daktari."

"Rudisha draiva ya zamani. Waliobaki tutawaona katika miadi yao ya miezi sita."

"Bi Mize hana miezi sita."

"Bi Salama, hili likitoka nje litaanza na jina lako."

"Na lianze," nikasema. "Nipe ruhusa ya kesho tu. Usiponipa nitakwenda bila ruhusa."

Kisha akaandika ruhusa, wala hakuninyanyulia uso nilipoipokea. Jioni ile nilirudisha draiva ya zamani, nikajaribu karatasi zangu mara ishirini, nikawapigia simu wenye simu. Bi Mize hakuwa na simu.

Asubuhi nilivuka kwenda kisiwani Kojani. Nilimkuta uani kwake anapara samaki.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Wewe si yule wa mashine ya macho?"

Nikakaa kibarazani, nikamweleza bila kuficha, na sehemu yangu pia. Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Mliniambia mie mzima," akasema. "Nikaswali rakaa mbili za shukurani. Ukungu ukizidi najiambia ni uzee, hospitali wamesema mzima. Sasa waja kunambia nini?"

"Naja kukuchukua, Bi Mize."

"Na nikikataa?"

"Nitakuja tena kesho."

Alimaliza samaki wake wote, mmoja mmoja, mimi nimekaa. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka kajitanda kanga.

Picha ya siku ile niliinasa mbele yake, nikaihakikisha mara tatu. Damu ilikuwa imetanda zaidi kuliko ile ya kwanza. Alipelekwa Unguja wiki ile ile, akapigwa leza. Jicho la kulia likalindwa mapema. La kushoto liliokolewa kidogo tu. Daktari wa Macho aliniambia kwa simu kwamba tungewahi, lingebaki zaidi. Sikumwuliza kiasi gani. Wagonjwa wa siku mbili zile tuliwarudia wote, na ripoti niliandika mimi, jina langu mstari wa kwanza.

Siku ya kuniaga kazini nilisifiwa sana kwa uangalifu wangu. Nikaomba kusema, nikawasimulia wenzangu vijana habari za siku mbili za kubadilisha majina, maana nilitaka wajue kwamba programu iliyogoma si ya kuogopwa sana, inakusimamisha. Ya kuogopwa ni ile inayokupa jibu karibu sawa, na wewe una haraka.

Sasa nimestaafu. Mara moja moja huvuka Kojani kumjulia hali Bi Mize. Mara ya mwisho nilimkuta mkekani anasuka ukili, nikakaa kama ninavyokaa siku zote, mahali popote penye nafasi.

"Hama hapo," akaniambia. "Njoo upande huu wa kulia, nikuone."

Nikainuka, nikazunguka mkeka, nikakaa aliponiambia.